Mjadala: Je, tuuamini mwamba kutunza taka za nyuklia?

Wanaotetea kuzika taka za nyuklia hupenda kututajia Oklo, nchini Gabon, ambako mwaka 1972 wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba takriban miaka bilioni mbili iliyopita madini ya urani yaliwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia, na kwamba plutoni, metali yenye mionzi iliyozaliwa humo, haikusogea mbali. Hoja hiyo ni ya kweli, ila imesimuliwa nusu. Iodini, seziamu na strontiamu, mazao mengine ya tanuri hilo la Oklo, kwa sehemu kubwa ziliondoka. Iodini 129, ambayo huchukua takriban miaka milioni 16 kupungua nusu, haishikwi kirahisi na mwamba. Maji yanakokwenda, nayo huenda.

Hata plutoni haituhakikishii usalama kila mahali. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba plutoni ya jaribio la bomu lililoitwa Benham, lililolipuliwa chini ya ardhi ya Nevada, Marekani, mwaka 1968, ilikutwa katika maji ya visima vilivyo umbali wa kilomita 1.3. Kiasi kilikuwa kidogo sana, lakini kinachonitia wasiwasi ni namna ilivyosafiri: haikuyeyuka, bali ilidandia chembe ndogo mno za madini zinazoelea majini.

Kwa hiyo nasema hatuwezi kuamua kama kuzika ni salama kabla ya kuuliza maji ya mahali hapo yana oksijeni au hayana, kwa kuwa urani huyeyuka na kusafiri katika maji yenye oksijeni, na hubaki imeganda yasipokuwa nayo. Ndiyo maana naikubali Onkalo, hifadhi ya taka za nyuklia ya Finland, iliyochimbwa zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba ambao maji yake ya kina hicho hayana oksijeni, na ambako mitungi ya shaba yenye taka itazungushiwa udongo wa bentonaiti, unaovimba ukilowa na kuziba nyufa. Siikubali Yucca Mountain, mlima wa Nevada ambako mahandaki ya kuzikia taka yalipangwa juu ya kiwango cha maji ya ardhini, mahali penye hewa, kwa kutegemea ukavu wa jangwa la leo, ilhali kanuni za Marekani zenyewe zinadai hesabu ya usalama ya miaka milioni moja.

Wanaoitetea Yucca nawaomba wajibu hili: ngao za titani za kukinga matone ya maji zilipangwa kuwekwa mwishoni, wakati wa kuyafunga mahandaki, vizazi kadhaa baada ya taka kuingizwa. Nani ataahidi leo, na kwa fedha zipi, kwamba zitawekwa?