Naomba ushauri: Baba ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu, na anakataa dawa

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Urambo, Tabora. Baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, alifanyiwa upasuaji wiki 5 zilizopita na kuondolewa kipande cha utumbo mpana pamoja na mitoki (tezi ndogo za kinga ya mwili) iliyo jirani nacho. Mitoki 3 kati ya 14 iliyopimwa ilikutwa na saratani, ingawa ini na mapafu ni salama.

Daktari alitufafanulia kwa upole kwamba hatua ya kwanza kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji peke yake, ya pili huongezewa dawa iwapo kuna dalili za hatari kama vile utumbo kuziba au kutoboka, lakini ya tatu huhitaji tibakemikali kwa miezi 3 hadi 6 ili kuua chembe zilizobaki zisizoonekana. Baba anakataa. Anasema uvimbe umekwisha kutolewa na msimu wa tumbaku unakaribia; nami namwelewa, kwa kuwa jirani yetu alianza dawa hizo saratani ikiwa imeshafika kwenye ini, akafariki, na mzee anaamini dawa ndizo zilizomuua.

Naomba waliouguza mgonjwa wa hatua hii wanishauri: nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima? Je, ganzi ya vidole inayosababishwa na oksaliplatini, mojawapo ya dawa hizo za tibakemikali, ilimzuia mgonjwa wenu kushika jembe? Na kwa matibabu ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ni afadhali kupanga chumba huko au kurudi nyumbani kila mara? Tumeambiwa dawa zisichelewe kupita wiki 8 tangu upasuaji.