Ushauri: Mvua ya rada inaaminika kiasi gani katika kukokotoa mafuriko ya mjini Arusha?

Fundi_Mitaro (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninakokotoa upya ukubwa wa mitaro na makalvati yanayomwaga maji katika mito Naura na Themi. Nimepata takwimu za rada za masika, za kila dakika tano, kwa miraba ya kilomita moja. Vipimamvua ninavyo vitatu tu. Jumla ya siku nzima inakaribiana, lakini katika saa ya dhoruba kali rada inatoa karibu nusu ya kilichopimwa chini. Nifuate kipi?

Mzee_wa_Mawingu
Mkuu, rada haipimi mvua. Inapima mwangwi unaorudishwa na matone, kisha mlinganyo ndio unaougeuza kuwa milimita. Uliza kwanza ni mlinganyo upi uliotumika. Kwa mwangwi wa desibeli 40 (kipimo cha nguvu yake), ule wa Marshall na Palmer hutoa takriban milimita 11.5 kwa saa, ilhali ule wa mvua za kitropiki, Z = 250R^1.2 (Z ni nguvu ya mwangwi kabla ya kugeuzwa desibeli, R ni milimita kwa saa), hutoa takriban 21.6. Kwenye desibeli 20 mambo hugeuka: wa kwanza hutoa 0.65 na wa pili 0.47. Ndiyo maana, kama ulitumika ule wa kwanza, jumla ya siku yaweza kukubaliana na vipimamvua huku kilele, ambacho ndicho kinachojaza mtaro, kikiwa kimepunjwa.

Binti_Moshi
Naongeza suala la milima. Mwali wa rada ulioinuliwa nusu digrii huwa umefika karibu kilomita moja na nusu juu ya usawa wa rada ukiwa umbali wa kilomita 100, na ukikingwa na Meru au Kilimanjaro, nyuma yake unabaki upungufu ambao mlinganyo wowote hauurekebishi.

Mzee_wa_Mawingu
Kweli kabisa. Linganisha saa kwa saa, dhoruba kwa dhoruba. Rekebisha rada kwa vipimamvua viwili, ukiacha cha tatu kuwa shahidi, kisha ubadilishe zamu. Usivitukuze navyo: mdomo wa kipimamvua ni sentimita za mraba mia chache, mraba wa rada ni kilomita nzima, na upepo hupeperusha matone. Vimewekwa wapi?

Fundi_Mitaro
Viwili viko uwanja wazi. Cha tatu, nimetoka kukiangalia sasa hivi, kimefunikwa na matawi ya mjakaranda. Kwa hiyo pengo la upande ule huenda ni kubwa kuliko nilivyoandika. Naanza kukokotoa upya bila hicho.