Taa inawaka kati ya laini na ethi: ndiyo ethi nzima?

Mkazi_Raskazone
Wakuu, nyumba ina ethi rodi (fimbo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) moja ya futi 4, haikuzama yote kwa sababu chini ni matumbawe. Fundi kaunga taa ya wati 100 kati ya laini (waya wenye umeme) na ethi ya soketi, ikawaka, kasema iko sawa. Mbona friji bado inapiga ukiigusa pekupeku?

FundiNgamiani
Kipimo cha taa hakifai, mkuu. Taa hiyo ikiwaka ina upinzani wa omu 530 hivi. Hata rodi ikiwa na omu 100 itapata karibu volti 190, na kwa macho utaona imewaka tu. Muda huohuo volti kama 37 zinakaa kwenye bodi za vyombo vyote vyenye ethi. Na kama waya umekatika kabla ya rodi, taa haiwaki, ila bodi zote zinakuwa na umeme.

Tafuta mashine ya kupima upinzani wa ethi, yenye vigingi viwili. Zima mein swichi kwanza, ndipo ufungue waya kwenye rodi. Kigingi cha mkondo kiende mita 30, cha volti mita 18.5 kwenye mstari huohuo. Soma, kisha sogeza cha volti mita 3 mbele na 3 nyuma. Namba zikipishana sana, cha mkondo kipeleke mbali zaidi. Kwenye matumbawe vimwagie maji vigingi; rodi usiimwagie, utajidanganya.

Mkazi_Raskazone
Ikisoma omu 20, breka itakata?

Saketi_Tanga
Haikati. 230 kwa 20 ni ampia 11.5, breka ya ampia 20 haishtuki. Kinachokuokoa ni RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30. Na taa ile ilivuta ampia 0.4 kwenda ethi bila kitu kukata, kwa hiyo RCD ama haipo ama imekufa! Kitufe cha T (cha kujaribia) kinapima RCD yenyewe tu. Hata rodi isipokuwepo itakata. Kwa testa ya RCD, miliampia 15 isikate, 30 ikate ndani ya milisekunde 300.

FundiNgamiani
Friji uipime peke yake: ichomoe, weka multimita kati ya bodi na pini ya ethi ya plagi, isome chini ya omu 1. Plagi ya pini mbili ndiyo mchawi mara nyingi. Ukiongeza rodi ya pili, ikae angalau mita 2.4 kutoka ya kwanza. Mwamba ukigoma, chimba mfereji ulaze waya wa shaba mtupu. Klampu iwe ya shaba, chumvi ya pwani inakula chuma. Vipimo rudia Februari, kabla ya masika, udongo ukiwa mkavu.