Kufufua kitovu cha mji wa kale: tuanze na majengo au na watu?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, nimo katika kamati inayoandaa mpango wa kufufua kitovu cha mji wa kale ambako maduka mengi yamefungwa, ghorofa za juu ziko tupu, na baadhi ya wenye majengo wanaomba vibali vya kubomoa. Wapo wanaosema tukarabati majengo kwanza, watu watakuja wenyewe; wengine wanasema bila wakazi na wafanyabiashara kushirikishwa tutaambulia mandhari ya kupigia picha tu. Je, kipi kitangulie?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, mimi nisingevitenganisha. Mwaka 1977 shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria la Marekani, National Trust for Historic Preservation, lilianza majaribio ya kufufua vitovu vya miji katika miji mitatu midogo, Galesburg, Hot Springs na Madison, wakati ambapo maduka makubwa ya pembezoni yalikuwa yakiwanyang'anya wateja wafanyabiashara wa katikati ya miji. Kila mji ulipewa meneja wa kazi hiyo pekee, akiwaunganisha wenye majengo, wafanyabiashara na halmashauri, na ukarabati ulikwenda sambamba na kutafuta wateja.

Kuhusu ushirikishwaji, mkutano unaoitishwa baada ya michoro kukamilika ni wa kupiga muhuri tu. Tembeeni mtaani pamoja na wapangaji kabla mhandisi hajashika kalamu, kwa kuwa mwenye duka ndiye anayejua ni mtaro upi unaofurika na ni kichochoro kipi ambacho wateja wanakikwepa giza likiingia.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, ila naongeza la kiufundi, maana hapa ndipo nia njema huharibu majengo mengi. Kuta za kale zilizojengwa kwa chokaa na mawe laini au matofali hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupenya kwenye lipu na kukauka. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa tofali. Anayeuona ukuta huo huhitimisha kwamba jengo limechoka na linastahili kubomolewa, kumbe limeumizwa na ukarabati wenyewe.

Andikeni katika masharti ya kibali kwamba kuta hizo zipigwe lipu ya chokaa, na mtenge fungu la kuwafundisha kazi hiyo vijana wa mtaa huohuo, kwa sababu jengo la kale linahitaji fundi wa karibu wa kulitazama mara kwa mara, si mkandarasi anayekuja mara moja na kuondoka.

Mleta mada

Nashukuru sana. Wapangaji wetu, hata hivyo, wanahofu kwamba pango litapanda mara tu majengo yatakapong'arishwa.

Mchangiaji wa tatu

Hofu hiyo ina msingi. Katika mji wa George Town, Malaysia, udhibiti wa pango la nyumba za zamani ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2000, na wapangaji wengi wakahama hata kabla mji huo haujaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Bologna, Italia, ilikwenda njia nyingine: mpango wake wa miaka ya 1970 uliutazama mji wa kale kama makazi ya watu, ukaelekeza fedha za nyumba za umma kwenye nyumba zilizochakaa, na kumtaka mwenye nyumba aliyesaidiwa akubali mkataba wa pango. Si yote yaliyopangwa yalitimia, lakini mpangilio huo ndio ningeuiga: ruzuku au nafuu yoyote ya kodi iambatane na kikomo cha kiwango cha pango kwa miaka kadhaa, na mkataba utiwe saini kabla ya jukwaa la mafundi kusimamishwa.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali, kwa tahadhari moja. Si kila mwenye jengo ni tajiri. Mengine yanamilikiwa na warithi wengi wasioelewana, na hakuna mwenye mamlaka ya kutia saini peke yake. Ukiwapelekea hao masharti mazito, jengo litaendelea kuoza likiwa limefungwa kufuli. Wapeni kwanza msaada wa kisheria wa kumaliza mirathi, kisha ndipo mkataba wa pango uwekwe mezani.