Mmisionari akifiwa kituoni: baada ya mazishi kamati ya misheni ifanye nini?

KatibuMisheni_Embakasi ameuliza:

Bwana asifiwe, watumishi. Kamati yetu ya misheni hapa Nairobi inaandika upya mwongozo wa kuwatunza wamisionari. Tuna familia Marsabit, Turkana na ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini. Mwongozo wa zamani una kurasa nne kuhusu msiba na zote zinaishia kaburini: kikundi cha WhatsApp, nambari ya M-Pesa, mochari, jeneza, gari, ibada. Kuhusu siku ya pili baada ya mazishi hakuna neno hata moja.

Mmisionari akifiwa na mke, mume au mtoto akiwa kazini, tumrudishe Nairobi au tumwache? Akisema hawezi kuomba, tumwambie nini, na je, ni jambo la kupeleka kwa wazee wa kanisa? Wachangiaji wanaouliza "anaendeleaje kiroho" tuwajibu vipi? Maneno ya kutia moyo tunayo tele. Tunachotafuta ni hatua ambazo mwanakamati asiye mchungaji anaweza kuzifuata.

Mch_Mlezi amejibu:

Ndugu Katibu, anzeni hapa: Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, msimpe maikrofoni. Makanisa yetu yamelelewa na uamsho wa Afrika Mashariki, na ushuhuda wa ushindi ndiyo lugha tunayoizoea. Mfiwa akisimama mbele siku ya kumi atasema kile anachojua tunataka kukisikia, kwamba Mungu ni mwema na yeye yuko sawa. Washirika watapiga makofi. Tangu hapo amefungwa na maneno yake mwenyewe. Akija kusema mwezi wa tatu kwamba halali usiku na Biblia haimwambii kitu, ataonekana amerudi nyuma. Andikeni kwenye mwongozo: hakuna ushuhuda wala mahubiri kwa miezi 3, na baada ya hapo aombe nafasi yeye mwenyewe.

Kushindwa kuomba si jambo la nidhamu. Msilipeleke kwa wazee. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na "hata lini" imo mara 4 katika miwili ya kwanza. Ya 88 inaishia gizani bila mstari mmoja wa sifa, na imo katika Biblia ile ile tuliyomtuma nayo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia alikata tamaa hata ya kuishi, na alikuwa mmisionari aliye kazini.

Namna ya kufanya: mtu mmoja, si kikosi, aende kwake mara 2 kwa wiki, dakika 30 hadi 40, saa ile ile kila mara. Asome zaburi moja ya maombolezo kwa sauti, polepole, mara 2. Chukueni ya 13, 42, 77, 88 au 142. Kisha mfiwa aiseme kwa maneno yake, na kwa lugha ya mama. Mtu aliyesoma theolojia kwa Kiingereza na kuhubiri kwa Kiswahili hulia kwa Kikamba au Kimeru. Ukimdai Kiswahili cha kanisani utapewa hotuba. Nyingi ya zaburi hizi zina mwendo wa hatua nne: kumwita Mungu, kumlalamikia, kumwomba, kumtumaini. Kinachoharibika karibu kila mara ni kwamba msindikizaji anamvuta mfiwa kutoka ya kwanza hadi ya nne kwa sababu yeye mwenyewe haiwezi ile ya pili. Mwacheni akae kwenye ya pili hata wiki 6. Akikosa maneno kabisa, mwenzake aombe, yeye aitikie "Amina". Wale wanne waliomteremsha mwenye kupooza kupitia darini katika Marko 2, Yesu aliiona imani yao wao, waliombeba.

Chakula na usingizi viwekwe kwenye ratiba hiyo hiyo, visiachiwe akina mama wa ushirika peke yao. Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akaja kumwamsha ale tena.

Maneno ya kukatazwa waziwazi: "kazi ya Mungu haina makosa", "Mungu alimpenda zaidi", na kwa wanaume "jikaze". Semeni pole, litajeni jina la marehemu, kisha nyamazeni. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema zile siku 7 walizokaa naye chini bila neno; walikosea walipofungua vinywa.

Tarehe za ziara ziingie kwenye kalenda ya kamati siku ile ile ya mazishi, kila moja ikiwa na jina la anayekwenda: wiki ya 3, ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 11. Nasema wa 11 kwa sababu uzito wa kumbukumbu ya mwaka huanza kabla ya siku yenyewe. Ziara isiyo na jina haitatokea.

muuguzi_kaskazini amejibu:

Nakubaliana na Mchungaji. Naongeza upande wa mwili, kwa sababu kamati nyingi humwombea mtu aliyekuwa anahitaji kupimwa damu.

Mfiwa anayetoka maeneo ya joto apimwe ndani ya wiki 2 za kwanza, hata kama hana homa. Malaria, upungufu wa damu, presha na sukari. Akiwa ameishi na wafugaji na kunywa maziwa mabichi, ongezeni brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo: huleta uchovu, jasho la usiku, maumivu ya viungo na moyo mzito kwa wiki nyingi, na mtu hudhani ni imani iliyopoa. Kipimo cha haraka cha brusela hukosea mara nyingi. Ombeni kithibitishwe kwa kipimo cha pili kabla ya kuanza dawa za wiki 6.

Ulizeni pia anatumia dawa gani ya kuzuia malaria. Watu wa Nairobi huenda nyanda za chini bila kinga mwilini, kwa hiyo wengi hupewa dawa ya kinga. Mefloquine, ile ya kidonge kimoja kwa wiki, inaweza kuleta ndoto mbaya, wasiwasi na huzuni kali, na haimfai mtu mwenye sonona. Zipo nyingine, kama doxycycline ya kila siku. Asiiache kimyakimya, wala asiendelee nayo kimyakimya, daktari ambadilishie.

Kulia, kukosa hamu ya kula, kusahau mambo, kumsikia marehemu akiita: wiki za mwanzo hayo ni ya kawaida. Yanayotaka daktari au mshauri nasaha mara moja ni haya: kulala chini ya saa 3 kwa usiku mingi mfululizo, pombe au dawa za usingizi anazojinunulia, kushindwa kuwatunza watoto, au maneno kama "afadhali ningemfuata". Akisema hivyo, mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake usiku huo, vidonge na sumu za shambani viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali.

Na kama baada ya miezi 6 huzuni bado ni ile ile ya wiki ya kwanza, hawezi kazi wala mahusiano, madaktari wanaufahamu ugonjwa huo na una matibabu yake. Kwenda kutibiwa hakumwondolei mtu wito wake.

MwekaHazina_Kamati amejibu:

Imani ya mtu hujaribiwa pia na M-Pesa isiyoingia. Ahadi nyingi za kila mwezi hutolewa kwa jina la familia. Mmoja akifa, wachangiaji hupunguza bila kusema. Tuseme familia ilikuwa inapata shilingi 90,000: kufikia mwezi wa nne inaweza kuwa 55,000, ilhali gharama zimepanda kwa sababu sasa kuna msaidizi wa watoto wa kulipwa na safari za kwenda na kurudi Nairobi. Kamati ipitishe azimio kabla ya msiba wowote kwamba posho haitaguswa kwa miezi 12, na iwe na akiba ya angalau miezi 3 ya posho kwa kila familia. Mchango wa mazishi uwekwe kwenye hesabu yake. Ukichanganywa na posho, kila senti itazua swali.

Makaratasi yafanywe na mtu wa kamati, si mfiwa. Kifo cha hospitalini huandikishwa pale hospitalini, cha nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Wengi huzika na kibali, wakasahau cheti, kisha benki, NSSF na bima zote zinakwama. Cheti kiombwe mwezi huo huo.

Mkiwa na wamisionari wa kigeni: pasi ya mtegemezi hufuata kibali cha kazi cha mwenzake. Mwenye kibali akifa, aliyebaki hana cha kushikilia, hivyo shirika liende Nyayo House, ofisi za uhamiaji, mapema kuomba hadhi mpya. Mjane asisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege.

Kuhusu swali la "anaendeleaje kiroho": barua ya maombi iandikwe na kamati kwa miezi 3, aya mbili tu, na mfiwa aisome kabla haijatumwa. Semeni yuko wapi, yuko na nani, na mnaomba nini: usingizi, watoto, chakula. Msipime imani yake kwa ajili ya wasomaji.

Mzee_wa_Thogoto amejibu:

Ombi langu ni moja, kuhusu mifano ya zamani ambayo sisi wazee tunapenda kuitoa. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa Mei 1844, na Julai mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ndani ya siku chache. Kaburi liko upande wa Nyali. Tunawaambia vijana, "mwone, hakurudi nyuma," tukanyamaza hapo. Tuseme na yaliyobaki. Alikuwa mgonjwa yeye mwenyewe, alikuwa na kazi ya lugha aliyokwisha kuianza, na mmisionari mwenzake, Rebmann, hakufika hadi 1846. Ndipo wakafungua kituo cha misheni cha Rabai. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kuondoka, na kutoka Ulaya akaendelea na kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kuondoka kituoni hakukumaliza utumishi wake. Rebmann naye alikaa karibu miaka 29 bila kurudi Ulaya, akamzika mkewe Emma huku, akaondoka 1875 akiwa karibu haoni. Huo usiwe ndio utaratibu wetu.

Hapa Thogoto, mmisionari Mskoti Thomas Watson alikufa mwaka 1900, yapata mwaka mmoja tu baada ya harusi. Mkewe Minnie alibaki, akafundisha hadi 1931. Mtajeni kwa heshima, lakini msimtumie kumpiga mjane wa leo anayetaka kwenda kwa mama yake.

KatibuMisheni_Embakasi:

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Limebaki moja. Mfiwa anayesisitiza kurudi kituoni wiki ya pili, na jamii ya kule inamwita, tumzuie?

Mch_Mlezi:

Msimzuie kwa amri, na msimpeleke na mizigo yote. Safari ya kwanza iwe ya siku 5 hadi 7 akiwa na msindikizaji, na isiwe ya kazi. Jamii ya kule nayo imefiwa, ina haki ya kuja kukaa naye na kulia kwa desturi yake. Nafasi hiyo ikikosekana, watu hubaki na deni la pole, na yeye hubaki na nyumba aliyoiacha ghafla. Katika siku hizo aingie chumbani mchana, mlango ukiwa wazi na mtu sebuleni. Nguo za marehemu zisigawanywe safari hiyo, hata ndugu wakidai. Achague kitu kimoja tu cha kurudi nacho Nairobi.

Kisha akae huku, karibu na watoto na daktari, angalau hadi ile ziara ya wiki ya 6. Safari ya pili iwe ya wiki 3 na kazi nusu siku: kufundisha darasa moja, kutembelea nyumba mbili, hakuna mazishi ya kuongoza. Uamuzi wa kuhama, kujiuzulu au kurudi moja kwa moja usitiwe sahihi kabla ya mwezi wa 6, isipokuwa usalama ukidai. Watoto waambiwe wazi kwamba mama amekufa, si kwamba amesafiri au amelala. Mtoto aliyeambiwa amesafiri atasimama barabarani kila gari la Nairobi likiingia kijijini.

Msindikizaji wa safari ya kwanza achaguliwe sasa, kabla ya msiba, na awe mtu anayeweza kukaa jikoni saa nzima bila kuanzisha wimbo.