Mvua juu ya mabati na maiki ya kuchezea gemu: ninunue ipi?

Mkazi_wa_Bweyogerere

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijapeleka fedha dukani. Karibu kila usiku ninacheza Counter-Strike 2, gemu ya kupigana kwa timu, pamoja na wenzangu wanne: wawili wako Dar es Salaam, mmoja Mombasa na mmoja Gulu. Kwa kuwa Kiganda changu hakivuki mpaka wa Busia, tunaelewana kwa Kiswahili. Chumba changu kimeezekwa mabati bila dari, dirisha linatazama barabara, na jirani ana duka lenye jenereta. Mvua ikianza kunyesha wenzangu huniomba nifunge maiki, nami nikiifunga sina faida kwao, maana mara nyingi ninalinda upande mmoja peke yangu na taarifa zangu ndizo zinazowafanya wengine wahame au wabaki.

Hadi sasa nimetumia hedifoni za Bluetooth nilizonunua kwa ajili ya muziki. Kwa nyimbo hazina kasoro, lakini mara tu ninapoingia kwenye chaneli ya sauti ya Discord, programu tunayozungumzia, nasikia hatua za maadui kana kwamba zinatoka ndani ya jerikeni, na wenzangu nao wanasema sauti yangu inatoka ndani ya jerikeni hiyo hiyo. Wiki iliyopita muuzaji mmoja mjini alinishawishi nichukue maiki ya kondensa (aina yenye wepesi mkubwa wa kunasa sauti) ya kuweka mezani, yenye taa za rangi na kistendi cha miguu mitatu, akijisifu kwamba inanasa hata mlio wa sindano ikianguka. Nina shilingi 250,000 za Uganda, na laptopu yangu ina tundu moja tu la sauti. Je, nichukue maiki hiyo, au hedseti yenye maiki yake? Na kama ni hedseti, iwe ya waya wa kawaida, ya USB au isiyo na waya?

Fundi_Spika_Jinja

Ssebo, kama inanasa sindano ikianguka, itanasa pia kila tone linalogonga bati lako. Mimi ninafunga mitambo ya sauti makanisani na kwenye harusi. Si mchezaji (mchezaji ni mwanangu, mimi ni mlipaji tu), lakini shida yako naikuta kila Jumapili.

Jambo la kwanza ni umbali kati ya mdomo na maiki, na jambo hilo lina uzito kuliko bei. Umbali huo unapoongezeka maradufu, sauti yako inayofika kwenye maiki hupungua kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi. Maiki ya hedseti hukaa takribani sentimita 5 kutoka mdomoni, ilhali ya mezani, kwa mtu mwenye kibodi mbele yake, hukaa kama sentimita 40. Kutoka 5 hadi 10, 10 hadi 20, 20 hadi 40: ni maradufu mara tatu, yaani umeshapoteza desibeli 18 kabla hujatamka neno. Mvua kwa upande wake haijali umbali huo, kwa sababu inalia paa zima na inazifikia maiki zote mbili kwa nguvu ileile. Ukiongeza kipimo cha maiki ya mezani ili wenzako wakusikie, unaiongeza na mvua.

Hata hivyo, usiondoke hapa ukilichukia neno kondensa. Maiki nyingi ndogo za hedseti nazo ni za aina hiyo hiyo. Zinaponea kwa kukaa karibu na mdomo. Maiki za dainamiki, kama ile Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na ambayo waimbaji wetu wengi wameishika, hazina wepesi wa kunasa sauti za mbali, ndiyo maana mwanakwaya akiishusha hadi kifuani anaonekana anaimba lakini hasikiki. Ungeweza kutumia maiki ya namna hiyo kwa gemu, ila ungehitaji mkono wa kuisogeza hadi mdomoni na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, na hapo shilingi 250,000 zitakuwa zimekuaga mapema.

Muuzaji anaweza pia kukuambia kwamba maiki yake inasikia mbele tu na kupuuza nyuma. Hilo linaweza kuwa kweli, na litakusaidia dhidi ya jenereta, kwa sababu jenereta iko upande mmoja na unaweza kuigeuzia maiki mgongo. Mvua huwezi kuigeuzia mgongo, kwani chini ya mabati inatoka kila upande, pamoja na kwenye kuta zinazoirudisha.

Ukipata hedseti, usiiweke maiki mbele ya midomo moja kwa moja. Ikae pembeni, kwenye kona ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka shavuni, na sponji yake usiitoe, ili pumzi za herufi p na b zisiwapige wenzako masikioni.

Binti_wa_Ntinda

Mzee wa Jinja amemaliza suala la mvua. Nami niongeze la jerikeni, kwa sababu hedifoni zako hazijaharibika. Hedifoni nyingi za Bluetooth tulizo nazo haziwezi kupokea sauti ya kiwango cha muziki na wakati huohuo kutuma sauti ya maiki. Programu inapoifungua maiki, hedifoni huhama kutoka njia ya muziki kwenda njia ya simu, ambako sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya mara 44,100, na masikio yote mawili hupewa sauti moja. Kwa hiyo unapoteza mambo mawili kwa pamoja: ubora wa sauti yako, na uwezo wa kujua adui anakuja kutoka kushoto au kulia. Ongeza na ucheleweshaji ambao kwenye muziki huuoni, lakini kwenye gemu unausikia pale risasi inapolia baada ya wewe kufa. Ukitaka isiyo na waya, tafuta ile inayokuja na kipokezi chake kidogo cha USB, ambacho hakitumii Bluetooth. Sidhani, hata hivyo, kama utapata nzuri kwa bajeti hiyo.

Kuhusu tundu moja: angalia plagi kabla ya kulipa. Plagi yenye pete tatu nyeusi inabeba masikio mawili na maiki, na hiyo ndiyo inayofaa kwenye laptopu yako. Hedseti yenye plagi mbili, ya kijani na ya waridi, inahitaji waya wa kuziunganisha. Mimi niliuziwa waya wa kugawia muziki kwa wasikilizaji wawili, ambao kwa macho hauna tofauti kubwa na huo, nikakaa siku tatu nikidhani maiki yangu imekufa. Hesabu pete kwenye plagi ya waya wenyewe: zikiwa mbili, urudishe.

Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptopu na utumie betri kwa dakika moja. Mngurumo ukitoweka, kosa ni la umeme, mara nyingi ekstensheni isiyo na waya wa ardhi. Hedseti ya USB hupunguza tatizo hilo, kwa kuwa inabadilisha sauti ndani ya kadi yake yenyewe ya sauti na kutolitumia kabisa tundu la laptopu. Ningekuwa wewe, ningechukua ya USB yenye waya.

Na tafadhali usilipie maneno mawili yaliyoandikwa kwenye boksi. La kwanza ni "7.1", yaani sauti ya kukuzunguka kama ya spika nane: hedseti nyingi za namna hiyo zina spika mbili tu, moja kwa kila sikio, na hayo mengine ni hesabu za programu. La pili ni "kuzuia kelele", ambalo mara nyingi lina maana kwamba wewe hutasikia kelele za nje. Halisemi lolote kuhusu wanachokisikia wenzako.

Usiku_Mbarara

Nawaheshimu waliotangulia, lakini mbona tunampeleka kijana dukani haraka hivyo? Discord ina kichujio cha Krisp cha kuondoa kelele, kipo tangu mwaka 2020, na kukiwasha ni bure. Pia kuna kubonyeza kitufe unapotaka kusema, badala ya kuiacha maiki wazi usiku kucha. Mimi ninacheza na hedifoni za waya zilizokuja na simu yangu, maiki yake ikiwa kwenye waya karibu na kidevu, na hakuna aliyenilalamikia.

Jambo jingine ambalo halijatajwa: ana uhakika gani kwamba kosa ni la maiki? Sauti inayokatikakatika inaweza kuwa mtandao. Ajirekodi kwenye laptopu bila intaneti, kisha asikilize. Rekodi ikiwa safi na wenzake bado wanasikia vipandevipande, basi hata maiki ya studio haitamsaidia.

Binti_wa_Ntinda

Kaka, kuhusu kujirekodi na kitufe nakubaliana nawe kabisa, nami nilipaswa kuanza na hayo. Kuhusu kichujio sikubali moja kwa moja. Kinafanya kazi nzuri kwa feni au jenereta, lakini mvua kubwa ikiizidi sauti ya msemaji, kichujio huanza kula na maneno, hasa mwanzo wa neno. Na katika Kiswahili mwanzo wa neno ndio wenye habari. "Wanakuja" na "anakuja" si taarifa moja kwa mtu anayelinda mlango. Kwanza maiki isogee karibu, kisha kichujio kimalizie kilichobaki.

Kwa upande wa bando asiwe na wasiwasi: kiwango cha kawaida cha chaneli ya sauti ya Discord ni kilobiti 64 kwa sekunde, yaani chini ya megabaiti 30 kwa saa kwa kila anayesema mfululizo. Ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data hapa Uganda mwezi Julai 2021 utauma zaidi siku ya kupakua masahihisho ya gemu.

Mkazi_wa_Bweyogerere

Ninarudi na majibu baada ya siku tisa. Nilianza na jaribio la Mbarara, kwa kuwa halikuwa na gharama. Nilijirekodi kwa hedifoni za Bluetooth bila intaneti na jerikeni ilikuwepo, kwa hiyo mtandao nimeuondolea lawama. Kisha niliazima zile hedifoni za simu zenye waya: sauti ilikuwa safi zaidi, lakini maiki ilikuwa ikikwaruza kola kila nilipogeuka.

Nimechukua hedseti ya USB yenye waya na maiki ya mkono unaopinda, kwa shilingi 185,000. Muuzaji yuleyule alisikitika kuona nimeziacha taa zake. Sponji za masikioni zilikuwa za ngozi bandia na baada ya saa moja zilinitoa jasho, kwa hiyo nimeongeza shilingi 20,000 za sponji za kitambaa; najua zinaingiza kelele kidogo zaidi za nje, lakini napendelea hivyo. Kitufe cha kusemea nimekiweka pembeni mwa kipanya, na Krisp nimeiwasha.

Juzi usiku mvua ilinyesha kuanzia saa tatu. Jenereta ya jirani ilisikika kidogo hadi nilipoisogeza meza na kuipa mgongo, kama alivyosema Mzee. Mvua yenyewe, mimi nilikuwa naisikia vizuri tu, na katikati ya mchezo yule wa Mombasa akaniuliza kama nimehama nyumba.