Nawezaje kuacha kipanya kwenye VS Code? Shotikati hazikai kichwani

bi_faili

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa pili naandika kodi (za kompyuta, ya mwenye nyumba ina mada yake). Natumia VS Code (edita ya kuandikia kodi) kwenye Windows, laptop ThinkPad T470 ya mtumba.

Wiki iliyopita kaka mmoja wa kazini alisimama nyuma yangu kama dakika tano, akaniambia, "Dada, unadonoa kama kuku." Iliniuma, ila nilipojitazama ni kweli. Nilikuwa kwenye mfumo wa duka la vipuri vya pikipiki. Mteja kaamua kuwe na bei mbili, ya rejareja na ya jumla, kwa hiyo kila palipoandikwa bei pawe beiRejareja. Basi nashika kipanya, nabofya neno mara mbili, napesti. Nashuka, nabofya mara mbili, napesti. Sehemu thelathini na kitu. Katikati mkono ukateleza nikapesti juu ya mabano, na sikugundua mpaka ukurasa ulipogoma kufunguka.

Ile karatasi ya shotikati nimeshaiprinti na kuibandika ukutani, maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Siku ya pili tu mkono ulirudi kwenye kipanya wenyewe. Nyie mlianzaje? Orodha msiniletee, ninayo.

fundi_saa_sita

Pole dada. Hiyo karatasi itoe ukutani.

Mimi nilianza kwa ukata. Kipanya kilikufa tarehe 20, mshahara bado, na padi ya laptop ilikuwa na wazimu wake, ukigusa huku kishale kinaruka kule. Kilichonikera kuliko vyote ni kuperuzi ule mti wa folda pembeni nikitafuta faili. Nikalitafutia dawa hilo tu: Ctrl+P, unaandika herufi chache za jina la faili, Enter. Wala hazihitaji kushikana. Ukiandika mzbi inakuletea mauzo-bidhaa.js. Nilikaa na hiyo moja karibu wiki mbili kabla sijaongeza nyingine.

Sasa hiyo bei yako. Weka kishale ndani ya neno bei, usiteue chochote. Ctrl+D ya kwanza inateua neno zima, kila ukibonyeza tena inakamata bei inayofuata. Ukifika kwenye moja usiyoitaka, Ctrl+K kisha Ctrl+D, inaiacha na kusogea mbele. Umekamata moja zaidi kwa haraka? Ctrl+U inaiachia. Ukimaliza, andika beiRejareja mara moja, vishale vyote vinaandika pamoja.

Ila hapo kwenye "usiteue chochote" nisikilize vizuri. Ukiteua zile herufi tatu mwenyewe kwa Shift na mshale, edita haijali tena kama ni neno zima. Itakamata hata bei iliyo ndani ya beiJumla, utapata beiRejarejaJumla. Yalinikuta. Faili nyingine bado ilikuwa inaita jina la zamani, risiti za mteja zikaanza kutoka NaN (yaani "hii si namba") mahali pa shilingi, na simu ikapigwa Jumamosi asubuhi.

kobe_hodari

Nina miaka kumi na mbili kwenye kazi hii na kipanya ninacho. Siku nyingi nawaza nusu saa, naandika mistari minne. Hizo sekunde mnazookoa mnazipeleka wapi?

fundi_saa_sita

Mkuu, sekunde si hoja. Nikiinua mkono kufuata kipanya, nikirudi nimesahau nilikuwa nataka kuandika nini. Labda kichwa changu ndicho kibovu.

babu_wa_vim

Ctrl+D ni nzuri lakini inaishia kwenye faili uliyoifungua. Binti yangu, kwa kazi kama hiyo kuna F2. Kishale juu ya jina, F2, andika jina jipya, Enter. Edita inajua bei hii na ile ya faili nyingine ni kitu kimoja, inabadilisha kote. Bei iliyo ndani ya alama za nukuu, ile anayoisoma mteja kwenye kioo, inaiacha. Na F12 inakupeleka pale kitu kilipoandikwa mara ya kwanza, Alt na mshale wa kushoto inakurudisha ulikotoka.

Ukishachoka na kuhangaika, njoo Vim, edita ya kutumia kibodi tupu. Huku tunatembeza kishale kwa h j k l. Watu hudhani ni ukorofi tu, kumbe Bill Joy aliandika vi, edita iliyoitangulia Vim, miaka ya 1970 kwenye terminali ya ADM-3A, na kibodi yake ilikuwa na mishale imechorwa juu ya herufi hizo hizo. Halafu fungua Vim bila faili uone: mara nyingi ukurasa wa kwanza unaomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaendelea kuwachangia watoto wa kule. Sisi majirani tunaupita ukurasa ule tukihangaika kutafuta :q, amri ya kutokea.

bi_faili

Nimerudi, siku ya tisa leo. Shikamoo babu, Vim bado naiogopa.

F2 ilinitoa jasho kidogo. Nabonyeza, jina halibadiliki, ila wimbo kwenye spika unafifia. Nabonyeza tena, unazidi kufifia. Kumbe kwenye T470 hii F2 ni ya kupunguza sauti! Nikabonyeza Fn na Esc pamoja, F zikawa F.

Ctrl+P imekaa mkononi, imekaa mno. Jana nimeibonyeza nikiwa kwenye Chrome, likaja dirisha la kuprinti, na kwa kuwa vidole vilishazoea nikamalizia na Enter. Kurasa kumi na moja za ripoti ya mauzo zikatoka kule mapokezi. Ctrl+D nimeitumia kwa bei ya jumla, bila kuteua chochote, haikugusa pasipohusika.

Moja tu la mwisho: kufuta mstari mzima bado nashikilia Backspace mpaka uishe. Ipo njia?

fundi_saa_sita

Ctrl+Shift+K. Lakini subiri wiki ijayo.